Kwangu Imechinjwa

Feza mwanangu,

Salamu nimeziweka mwisho wa barua. Ukifika huko chini na bado unazitaka, ni zako.

Sasa hivi uko kwa shangazi yako unasukwa nywele, na kwa kuwa shangazi yako husema zaidi kuliko anavyosuka, najua nina alasiri nzima. Kamyoni ya kubeba watu kwenda Kampene inaondoka kesho alfajiri. Karatasi yako ya kuhama imegongwa muhuri. Mume wako ametuma neno kwamba chumba cha mbele kimepakwa chokaa na meza mbili zimepatikana, na watu wa migodini wanaulizana siku ya kufungua. Sanduku nimelifunga mwenyewe. Ndani yake kuna kila ulichoomba isipokuwa kitu kimoja, na hicho kimoja ndicho kilichonikalisha hapa na kalamu.

Sitakufundisha kupika. Unanishinda, na wateja wamenijulisha hivyo kwa adabu, kwa kuuliza kwanza nani yuko jikoni leo. Habari za chumvi, za kuamka mapema na za kumheshimu mume nimewaachia shangazi zako. Wamekumwagia wiki nzima na naona bado hujazama. Nataka kukuambia jinsi mtu asiye na kitu anavyowaita watu mlangoni kwake. Ndiyo kazi niliyoijua hapa Kindu, na ndiyo niliyoikosea.

Baba yako alipopelekwa vitani na asirudi, wewe ulikuwa na miaka minne na mimi nilikuwa na sufuria mbili. Aliyenitoa ndani ni mwanamke anayeitwa Velonika. Labda jina hilo hulikumbuki, ila ulilala mgongoni kwake zaidi kuliko mgongoni kwangu. Alikuwa mtu wa Lokandu, Mkristo, mwenye kamsalaba ka mfupa shingoni, na nyumba yake ya chakula ilitazamana na hii yetu, kwenye njia hii hii itokayo bandarini kwenda stesheni. Alinikuta nimekaa kwenye mkeka siku ya arobaini ya baba yako. Akaniambia, "Mama Feza, machozi hayapikiki. Washa moto." Mwiko wa kwanza nilioutumia aliniazima yeye. Alinionyesha hata mahali pa kuweka mafiga. Mtu anayekufungulia duka mbele ya duka lake mwenyewe, mimi wakati ule nilidhani ni mjinga kidogo.

Njia yetu unaijua. Meli inapanda kutoka Ponthierville, inashusha watu, nao wanangoja treni ya kwenda Kibombo na mbele huko, mara nyingine mpaka kesho yake. Wana njaa na hapa mjini hawana ndugu. Kazi yote ni kuwafanya wasimame mbele yako badala ya kupita. Sikuwa na kitu cha kuwapa wasimame, basi nikaanza kutazama.

Nilitazama upepo. Saa sita mchana unatoka mtoni na kupanda na njia, lakini mafiga yangu yalikuwa nyuma ya nyumba, harufu ikawa inakwenda kuwashibisha mbuzi wa jirani. Nikayahamisha mbele. Meli ikipiga honi kule kwenye kona ya mto, nilitupa kitunguu kimoja ndani ya mawese. Kimoja tu. Wali wenyewe ulikuwa bado maji. Mtu alifuata pua yake mpaka mlangoni, akaketi, na mtu akishaketi na mzigo wake chini hanyanyuki upesi.

Nilitazama vicheko. Kasongo, yule mpakaji grisi wa reli, alikuwa na kicheko cha kusikika mpaka stesheni, basi kiti cha mlangoni kikawa chake. Alidhani nampenda. Watu wengine pia walidhani hivyo, na hilo nalo lilinitangaza bila gharama, isipokuwa gharama ya heshima yangu.

Na nilitazama masanduku. Unajua herufi za kizungu nilijifunza peke yangu, kwenye mikebe ya samaki na ubavuni mwa mabehewa, kwa sababu chuo chetu cha Kurani kilitufundisha herufi za Kiarabu tu. Wasafiri waliandika majina yao na ya miji yao kwenye masanduku. Mtu hajatua mzigo, mimi nishasema, "Karibu Bwana Ramazani, habari za Kibombo?" Alibaki mdomo wazi. Wengine walisema mama huyu ana dawa. Walisema hivyo huku wanakula.

Hayo yote chukua, ni yako. Huko Kampene wachimbaji hawana masanduku yenye majina, lakini wana vicheko na wana pua, na upepo utautazama mwenyewe.

Sasa mbuzi.

Katika joto hili mbuzi mzima ni mkubwa kwa nyumba moja. Huwezi kummaliza kwa siku, na kesho yake ana habari nyingine. Kwa hiyo kila siku ya meli mimi na Velonika tulinunua mbuzi mmoja. Tulimshika pamoja, mimi miguu ya mbele na yeye ya nyuma, na Mzee Saidi, mchinjaji wa mtaa, alimwelekeza kibla, akataja jina la Mungu, akapitisha kisu. Velonika ndiye aliyetaka iwe hivyo tangu kabla sijamjua. Alisema wanaokula kwake hawaulizani dini, na yeye hataki mtu aondoke na wasiwasi tumboni. Tukampasua katikati. Yeye alichukua nusu ya kushoto, mimi ya kulia.

Ukaja mwaka ambao maji yalipungua sana. Meli zilikwama kwenye michanga, wasafiri wakawa wachache, na nyumba mbili zikawa zinatazama njia moja tupu. Siku moja alishuka mfanyabiashara mwenye kanzu na kofia nzuri. Akasimama katikati ya njia. Akamtazama Velonika, akaona kamsalaba. Akanitazama mimi. Akauliza, "Mama, chakula cha hapa kiko namna gani?"

Nikamjibu, "Kwangu imechinjwa."

Ilikuwa kweli tupu. Ningeweza kuiapia. Yule bwana akageuka akatazama upande wa pili, akatikisa kichwa polepole kama mtu aliyeokolewa, akaingia kwangu.

Feza, nimeyapima maneno hayo mawili kwa miaka. Ningesema "imechinjwa" peke yake, angeweza kuingia nyumba yoyote kati ya zile mbili. Ni hilo "kwangu" lililofanya kazi. Sikumtaja mtu. Nilitaja mlango wangu tu, na mlango wa pili ukajifunga wenyewe. Usiniulize kama nilijua. Mara ya kwanza naweza kukudanganya kwamba lilinitoka. Meli iliyofuata nililisema tena, na safari hiyo nililisema kwa sauti.

Meli ya tatu sikuhitaji kusema. Walisema wengine. Neno likashuka bandarini likiwa dogo na kurudi limenenepa: mara nyama ya Velonika haikutajiwa Mungu, mara ni ya mbuzi waliojifia. Hata Wakristo wenzake wakaacha kuingia. Wao kuchinjwa hakukuwahusu, ila walisikia nyama ya yule mama ina neno, na mwenye njaa aliye safarini hakai kuuliza ni neno gani. Walikuja kwangu. Nikaongeza benchi.

Siku ile alipokuja ilikuwa mchana, meli imefika, benchi zote zimejaa. Alisimama kizingitini na mikono yake ina unga.

"Hodi."

"Karibu, dada."

Hakuingia. "Mama Feza, sababu gani watu wanapita kwangu kama kwangu iko msiba?"

"Mimi nitajua wapi? Watu njo watu."

"Wanasema nyama yangu njo ya mbuzi ya kujifia."

Kasongo akadakia kutoka kiti chake cha mlangoni, "Hata mimi nilisikia, mama. Lakini mimi ni muntu wa kula tu, usiniulize."

Watu wakacheka. Velonika hakumtazama. Alinitazama mimi. "Mbuzi njo moja. Kisu njo kimoja. Leo asubuhi wewe ulishika mbele, mimi nikashika nyuma. Sema tu hapa, hawa baba wasikie. Neno moja, mudogo wangu."

Alizoea kuniita hivyo, mudogo wangu. Nikasema, "Mimi sikusema kitu juu yako."

"Najua. Njo sasa useme."

Benchi zote zilinigeukia. Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi kama kile nilichosema mwanzo, na kilikuwa kweli vilevile. Nikachukua upawa, nikainama, nikamwongezea Kasongo mchuzi ambao hakuuomba.

"Aa! Leo mama iko na roho nzuri," akasema.

Wewe ulitoka jikoni ukamkimbilia Velonika, ukamshika kitenge. Alikutoa vidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayetoa miiba, akakuweka upande wangu wa kizingiti, akavuka njia.

Nilijipa matumaini kwamba Mzee Saidi angesema. Watu walimwuliza. Akawajibu, "Mimi nachinja. Nyama inakokwenda siifuati." Wakati huo alikuwa anakula kwangu. Nani alimwalika, sikumbuki. Nadhani ni mimi.

Baada ya meli mbili Velonika alifunga sufuria zake ndani ya mkeka. Aliuza vyombo kwa yeyote aliyepita, na meza yake ikapitia mikono miwili kabla ya kufika kwangu. Ndiyo hiyo unayokatia vitunguu. Ile alama ya moto pembeni umeniuliza mara nyingi imetoka wapi, nami nimekujibu kila mara jibu jipya. Ilitoka kwenye sufuria yake, kabla yako na kabla yangu.

Halafu nikanunua mbuzi mzima. Ikanibidi nishike miguu yote minne, na nusu ya kulia ikauzwa, na nusu ya kushoto ikakaa. Kesho yake ilikuwa inanuka. Nikaizika nyuma ya nyumba kabla majirani hawajaamka, nimejifunga leso puani, nikiogopa mtu asije akaona nyama mbovu kwenye nyumba maarufu kwa usafi wa nyama. Nilifanya hivyo zaidi ya mara moja. Mgomba ule unaozaa sana pale nyuma, usinisifie tena kwamba nina mkono wa kupanda.

Ubao ulikuja baadaye. Mpakaji rangi wa mabehewa alikuwa mteja, akabakiwa na rangi nyekundu, akaniuliza aandike nini. Wateja wakajibu wote kwa pamoja kabla sijafungua mdomo. KWANGU IMECHINJWA. Yule Mzungu wa afya alipokuja kukagua vyoo alisoma ubao, akadhani ni jina la mwenye nyumba, akaandika kwenye karatasi yake Madame Imechinjwa. Sikumsahihisha. Ndiyo maana mpaka leo barua za ofisi zinakuja kwa jina hilo, na ndiyo maana wewe shuleni ulikuwa binti Imechinjwa, ukatembea nalo kifua mbele. Uliponiambia, "Mama, vyote vikikosekana sawa, lakini ubao naondoka nao, huo njo utaniletea watu," ulisema kama mtu anayeomba baraka. Nami nikakukubalia, kwa sababu ulikuwa unacheka.

Hilo lilikuwa kabla ya dereva.

Wiki iliyopita Amisi wa kamyoni alikula hapa. Akafuta mdomo, akaniambia kwa furaha, kama zawadi, "Mama, Feza hatakuwa peke yake kule. Mbele ya nyumba ya bwana yake, njia tu katikati, iko mama moja wa Lokandu anapika. Muzee sasa. Sombe yake ya majani ya muhogo tamu, we! Iko na kamsalaba ka mfupa hapa." Akajigusa shingo.

"Anaitwa nani?" nikamwuliza.

"Tunamwita Koko tu, kama bibi yetu. Anauza nyama na samaki. Watu wa kambi wanamupenda."

Nikamwongezea mchuzi. Ndiyo, Feza, mkono wangu haujajifunza kitu kingine.

Sasa umeona jambo lilivyo. Kesho ungepanda na ubao ule, mume wako angeugonga misumari juu ya mlango kwa fahari, na Velonika angetoka asubuhi na ndoo yake ya maji na kuusoma. Wachimbaji nao wangeusoma. Wangegeuza shingo wakatazama upande wa pili wa njia, wakaona kamsalaba. Wewe usingekuwa na kosa lolote. Ungekuwa unapika tu, na mama yule angefunga sufuria zake ndani ya mkeka mara ya pili, kwa umri alio nao, na sijui kutoka hapo angekwenda wapi.

Siku sita nimejaribu kukuambia kwa mdomo. Ulikuwa unakunja nguo, unaimba, nami nikisimama mlangoni nafungua mdomo, inatoka habari ya chumvi. Utakuwa umeshangaa nimekuwaje na chumvi wiki hii.

Ubao usiutafute. Asubuhi ulipokwenda sokoni niliushusha, nikaukwangua rangi kwa panga, nikaupasua. Mti wake ulikuwa mkavu, umekaa juani miaka mingi, ukashika moto bila kubembelezwa. Nimepikia wali wako wa safari, ule uliofungwa kwenye majani juu ya sanduku. Utauona una moshi kidogo. Ule hivyo hivyo.

Hapa mlangoni kumebaki misumari minne na mahali peupe ukutani. Wateja wa leo wameuliza. Nimewaambia ubao umeliwa na mchwa, na jioni hii ukiuliza nitakuambia hivyo hivyo. Naona bado naweza kusema uongo kwa wepesi. Ni ile kweli moja tu ndiyo ilinishinda. Kesho wakiuliza tena nitajaribu kuisema. Kasongo bado anakaa pale mlangoni, amezeeka, anacheka kidogo siku hizi. Nitaanza naye. Siahidi kwamba nitaweza.

Hukuniomba ushauri, na nimekwisha kukuonyesha thamani ya ushauri wangu. Lakini kwa vile wewe ndiye unayekwenda na si mimi, nakuomba hili. Ukifika, kabla hujawasha moto, vuka njia. Piga hodi. Mwambie wewe ni mtoto wa nani, kwa jina langu la kweli, si lile la Mzungu. Anaweza kukufukuza. Mimi ningekufukuza. Anaweza kukutazama vidole, maana ndivyo alivyovitoa kwenye kitenge chake. Akikaa kimya, usijaze ukimya ule kwa kunitetea.

Na siku ya mshahara wa kambi, watu wakiwa wengi na wanataka nyama, usinunue mbuzi peke yako. Mwulize kama anataka nusu. Yeye huchukua ya kushoto. Akikataa, siku hiyo pika samaki. Akikubali, mshike mbuzi pamoja naye, mkimshika nje, mbele ya watu, mchana. Halafu mgeni akisimama katikati ya njia akakuuliza nyama ya kwako iko namna gani, mjibu kwa sauti yote uliyorithi kwangu: "Yetu njo moja na ya mama yule." Hicho ndicho nilichoombwa. Nimekihesabu mara nyingi, hakifiki hata pumzi moja.

Nasikia sauti ya shangazi yako njiani, kwa hiyo umeshasukwa na mko karibu. Barua naiweka chini kabisa ya sanduku, ndani ya lile sweta usilolipenda, ili usiikute kabla ya Kampene. Ukiingia sasa utanikuta naosha sufuria, na nitakuambia kitu kuhusu chumvi. Nivumilie.

Salamu nilizozificha ni hizi. Zako, pokea. Nyingine ni za upande wa pili wa njia. Zipeleke kwa mikono miwili. Asipozipokea, zirudishe na Amisi kwenye kamyoni. Nitamwuliza amebeba nini, na akiniambia hana kitu, nitajua nani amezichukua.

Mama yako